Halowini ya Ghubra na Kanga ya Mama

Jumatatu, 13 Oktoba

Viatu tena. Vya mtu mzima, vya mtoto, na kandambili zisizojulikana za nani, vyote vimemwagika mbele ya mlango wa jirani mpaka upande wangu. Nimevisukuma kwa ncha ya mguu. Kimoja kikaingia kwenye lifti, lifti ikafunga ikashuka nacho. Sikusikitika.

Mwezi wa pili huu tangu tuhamie Ghubra, hapa hapa Muscat, mimi na mwanangu Ahlam. Nyumba nzuri. AC inafanya kazi, jikoni kuna dirisha, maji hayakatiki. Kibaya ni watu. Darsait, tulikotoka, nilikuwa namjua anayekohoa nyuma ya ukuta. Hapa lifti inafunguka, watu wanatazama simu zao kama wamefiwa.

Isipokuwa huyu wa mkabala. Grace, Mkenya, mwalimu wa chekechea. Yeye anasema mno. "Mama Ahlam, umeshindaje?" Umeshindaje! Sijashindana na mtu.

Mwanawe Joy keshakuwa shoga wa Ahlam. Wote wana miaka kumi. Jioni hawabanduki. Silipendi jambo hili na sina sababu ya kumpa mtoto.

Alhamisi, 16 Oktoba

Karatasi kwenye lifti. Boga la rangi ya machungwa lenye meno. Halowini, Ijumaa tarehe 31, kuanzia magharibi. Mlango uliobandikwa boga la karatasi, watoto watagonga wapewe peremende. Mlango usio na boga hautagongwa. Baadaye vitafunio nyumbani kwa Grace, "vya msimu wa majani kupukutika". Chini namba yake ya simu.

Majani yepi? Nje joto bado linachoma nyayo. Mti wenyewe mmoja, mwarobaini wa kwenye maegesho, na haujapukutisha hata jani moja.

Nimeipiga picha karatasi nikampelekea dada'ngu Moza, aliyebaki nyumba ya Darsait. Nikaandika: "Tazama nilikohamia. Jengo zima mashetani. Mtoto ataharibika hapa." Moza kajibu kwa sura za kucheka na kulia. Nikaona raha kidogo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ahlam kaniomba ruhusa. Nikasema hapana. Kaomba tena wakati nasuka nywele zake, anajua hapo siwezi kuondoka.

Nikamwambia hizo ni sherehe za mizimu, hazituhusu. Kageuza kichwa anitazame. Halafu kasema, "Mbona Karankasho tunavaa nguo za kung'ara, tunagonga milango ya watu, tunaimba, tunapewa peremende na karanga?"

Nikasema Karankasho ni ya Ramadhani.

"Lakini kugonga si kule kule?"

Nikavuta kitana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alilia. Nikamaliza kusuka nikaingia jikoni. Swali lake limenikaa kichwani, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nasser, babake Ahlam, kapiga simu nikiwa kazini. Tangu aniache huwa anapiga kwa jambo moja tu, Ahlam, na huwa ni amri.

"Nasikia mwanangu analelewa na mashetani."

Nikamuuliza kasikia wapi. Hakusema. Kasema jengo la watu mchanganyiko si mahali pa kumlea mtoto wa kike. Kasema mamake yuko Sib, nyumba ina ua, ina watu, Ahlam akae huko. Nikikataa, atakwenda mahkamani. Kasema kwa sauti ya chini kabisa. Akipiga kelele simwogopi. Akinong'ona namwogopa.

Niliiacha katikati barua niliyokuwa nikiichapa. Nikajifungia chooni wizarani, nikafikiri. Nani kamwambia? Alhamisi alipomrudisha Ahlam nilimwona kwa dirisha, amesimama kwenye maegesho na Grace. Wanacheka.

Bas. Nishampata.

Jumatano, 22 Oktoba

Siku mbaya.

Nimerudi kazini nikakuta boga la karatasi mlangoni kwangu. Limebandikwa katikati, juu ya tundu la kuchungulia, limetabasamu. Nikalichana. Nikavuka na vipande mkononi nikagonga kwa Grace kwa ngumi. Alikuwa na wageni, mwanamke Mfilipino wa ghorofa ya kwanza na wengine nisiowajua, wanakata karatasi.

Nikasema niliyokuwa nayo yote. Kwamba amekosa adabu. Kwamba mlango wa mtu ni mlango wa mtu. Kwamba ananitilia fitina kwa baba wa mtoto. Sauti yangu ilifika mpaka chini, bawabu alitoka kutazama.

Grace kasimama na mkasi wake. "Mimi sijabandika kitu kwa mlango wako, Mama Ahlam."

"Na Nasser ulimwambia nini?"

"Baba Ahlam? Nilimsalimia tu. Kwani salamu ni makosa?"

Hapo nikasikia nyuma yangu, "Ni mimi, Mama. Mimi ndiye niliyebandika."

Ahlam. Na gundi bado vidoleni.

Wote wananitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema samahani. Niliiona ile nafasi, ipo wazi mbele yangu. Nikamkamata mtoto mkono nikarudi ndani, nikafunga mlango.

Kuhusu Nasser bado simwamini Grace.

Ijumaa, 24 Oktoba

Grace hasalimu tena. Viatu vyake vyote vimepangwa upande wake, safu iliyonyooka. Hilo nalo linaniudhi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Ahlam anajibu kwa neno moja moja. Ndiyo. Hapana. Sijui. Anakula upesi anakwenda chumbani kwake. Leo nimemkuta chumbani kwangu, amekaa chini karibu na kabati. Kasema anatafuta kitana. Kitana kilikuwa kichwani mwake.

Alhamisi, 30 Oktoba

Tangu alasiri jengo zima linanuka boga. Grace anapika. Mdalasini umezidi, hiliki hakuna, na tui nadhani la kopo. Mama angesema huyu anapikia wagonjwa.

Nilitaka kesho nimpeleke Ahlam Darsait tukae huko mpaka mambo yao yaishe. Moza kasema ana wageni. Ana wageni kila nikimhitaji.

Basi tutabaki. Nimemwambia Ahlam: taa za mbele tunazima, mlango haufunguliwi, tunaangalia televisheni. Kaitika kwa kichwa. Upesi mno. Nimeliona hilo, nikaliacha.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimesali magharibi. Nilipomaliza nyumba ilikuwa kimya. Nikadhani yuko chumbani.

Kengele ikalia. Sikufungua. Ikalia tena, na vicheko vya watoto. Nikaenda ili niwafukuze.

Nikafungua. Watoto sita au saba, na mifuko. Na katikati yao, Mama.

Mama'ngu. Kanga yake ya zambarau, moja kiunoni na moja kichwani, imebanwa chini ya kidevu kama alivyobana yeye. Miwani yake yenye uzi. Mkono mmoja nyuma ya kiuno, pale palipokuwa pakimuuma. Kainama kidogo. Kafika kizingitini, kasimama kupumua, kasema kwa sauti ile ile, "Mna nini humu ndani, mbona giza?"

Mama alifariki mwezi wa Mei. Kwa kupepesa jicho moja nilimwitika. Wallahi nilifungua mdomo niseme labeka.

Kisha nikaona raba za Ahlam chini ya kanga.

Nikampiga kofi. La usoni, mbele ya wenzake. Miwani ikaruka. Nikaivuta ile kanga kichwani, nikaivuta ya kiunoni, mtoto anazunguka kama pia na mimi navuta. Mmoja wao alikuwa na bakuli la boga, likamwagika lote juu ya kanga, sakafuni. Ahlam hakulia. Alinitazama tu, na gauni lake la ndani, halafu akakimbilia kwa Grace, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake.

Nikaifunga milango yote miwili, wa mbao na wa wavu. Kanga nikaiacha pale nje. Sikuweza kuiangalia.

Grace kamleta baada ya isha. Kasimama nje, hakutaka kuingia. Hasira imembana mdomo.

"Mimi ni mtu wa kanisa, Mama Ahlam. Niliwaambia watoto hakuna mashetani kwangu, hakuna damu, hakuna mifupa. Kila mtu aje kama mtu anayempenda. Joy amekuja kama baba yake. Ahlam amekuja kama nyanyake. Amefanya mazoezi wiki mzima namna ya kutembea. Sasa hapo kosa liko wapi?"

Nikafungua mlango wa wavu. Ahlam kapita chini ya mkono wangu, kaenda kulala na raba miguuni.

Kanga haikuwepo tena pale sakafuni. Nilidhani imetupwa. Nikajiambia afadhali. Si afadhali.

Jumamosi, 1 Novemba

Naandika yote, hata kama mkono hautaki.

Ile jozi ya kanga ndiyo Mama aliyoivua asubuhi ile kabla ya kupelekwa hospitali. Haijafuliwa. Niliikunja mimi mwenyewe nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaifungia ndani ya kabati. Ilikuwa na udi wake, na mafuta ya nazi, na jasho lake la nyuma ya shingo. Nikizidiwa nafungua mfuko kidogo, nafunga upesi, isiishe.

Saa ya chai Grace kagonga. Uso bado mkali, lakini mikononi kashika kanga, imekunjwa na kupigwa pasi mpaka imekuwa kama kitabu.

"Nimetoa madoa yote," kasema. "Boga linashika vibaya. Nimeifua mara mbili, nikaweka na ile dawa ya kunukisha."

Nikasema ahsante. Sijui sauti ilitoka wapi. Nikafunga mlango.

Maua. Inanuka maua ya chupa. Nilitafuta pindo zote, nilitafuta kila pembe. Hakuna kitu. Nikakaa chini jikoni. Mwezi wa Mei nilikuwa na wageni wa kuwapikia, sikulia namna hii.

Nilitaka nimuue. Naandika kama ilivyokuwa. Nilitaka nivuke, nimwambie alichofanya, nimwone akivunjika.

Lakini baada ya alasiri Nasser akaja. Hakukaa. Katoa simu kanionyesha. Ile picha ya karatasi ya lifti, na maneno chini yake. Jengo zima mashetani. Mtoto ataharibika hapa.

Maneno yangu.

"Wewe mwenyewe umeandika," kasema. "Mimi sijaongeza herufi."

Moza alimpelekea shoga yake, dada wa Nasser. Dada kampelekea kaka. Grace hakuhusika kabisa. Mimi ndiye niliyempa Nasser kisu, na nikakinoa kwanza.

Ahlam alikuwa keshatia nguo kwenye begi la skuli. Hakuna aliyemwambia. "Nakwenda na Baba," kasema. Hakunibusu. Shavu lake halina alama. Nilitazama.

Jumapili, 2 Novemba

Kazini. Sijui nimefanya nini.

Nimempigia Moza. Kasema, "Kwani siri? Wewe ndiye uliyeandika, Zuwena." Nikasema usinipigie tena. Kasema sawa. Rahisi hivyo. Tangu Mama afe tunazungumza kama watu wanaogawana mzigo.

Chumba cha Ahlam sijakifungua.

Jumanne, 4 Novemba

Grace kagonga tena. Safari hii kaingia bila ya kukaribishwa, kafunga mlango nyuma yake. Kasimama na mkoba wa kazini begani.

"Baba Ahlam amenipigia."

Namba yake ilikuwa kwenye karatasi. Kwenye picha yangu.

"Ameniuliza kama huwa unampiga mtoto. Anasema anataka kujua nitasema nini mbele ya kadhi. Anasema nimeona kwa macho yangu."

Nikamuuliza kamjibu nini.

"Nimemwambia sijaona kitu." Kanitazama machoni. "Nimesema uongo. Mimi sisemi uongo, Mama Ahlam. Jumapili nasimamia watoto wa watu kanisani nikiwafundisha wasiseme uongo. Nimekusemea wewe, ambaye hunisalimii. Usinifanye niseme tena."

Nikamuuliza kwa nini alinisemea.

"Niliona uso wako ulipofungua mlango," kasema. "Kabla ya kofi. Mama yangu alikufa mimi nikiwa hapa Muscat. Sikuzika."

Halafu kasema khalas, yamekwisha, kama anavyowaambia watoto wa chekechea, kaondoka. Hakusubiri chai. Sikumtayarishia.

Sijui nimshukuru au nimchukie. Leo vyote viwili vimenishika.

Alhamisi, 6 Novemba

Nasser kampigia simu bawabu nishuke. Ahlam yuko nyuma ya gari na begi lake. Kafika Sib, hakula. Siku ya kwanza mamake Nasser kambembeleza, ya pili kamgombeza, jana kasema mtoto arudishwe kwa mamake, kichwa kinamuuma. Na Nasser ana safari ya kazi. Hakuna aliyemwonea mtu huruma katika hayo, na mimi sikutaka kuonewa.

Lakini alitaka kumaliza lake kwanza. Tukasimama chini ya ule mwarobaini.

"Jirani yako kasema hajaona kitu. Ahlam kasema ulimpiga kofi mbele ya watu. Nani muongo?"

Ningeweza kunyamaza. Jirani kashasema. Neno la mtu mzima, mwalimu, juu ya neno la mtoto. Lakini Ahlam alikuwa ameshusha kioo cha gari na anasikiliza. Nikinyamaza, yeye ndiye muongo. Na Grace ataitwa mahkamani aape juu ya kitabu chake kwa ajili yangu.

Nikasema, "Mwanao hasemi uongo. Nilimpiga."

Nasser kaegemea gari. Nilijua nishampa kila alichokuwa akikitafuta.

"Kwa nini?"

"Alivaa nguo za Mama. Nilidhani ni yeye."

Katazama chini. Mama alikuwa akimpenda Nasser kuliko alivyonipenda mimi, hata baada ya talaka. Alikuwa akimwekea sahani. Kapangusa uso kwa ncha ya kilemba chake, muda mrefu, mtu angedhani jasho.

"Nami nilipelekewa video," kasema. "Ahlam anavyotembea kama marehemu. Niliitazama mara nyingi."

Kafungua mlango wa gari. Kamwambia Ahlam shuka. Kisha kanambia mimi, bila ya kunitazama, "Likirudiwa, sitakuuliza."

Nikasema halitorudiwa.

Ndani ya lifti Ahlam kasimama mbali nami. Karatasi ya boga ishabanduliwa, imebaki gundi. Tulipofika ghorofani kaniuliza, "Kwa nini ulisema? Angemwamini Mama Joy."

"Kwa sababu ulisema kweli."

Kafikiri. Halafu kaninyooshea begi nimbebee.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepika wali na samaki. Ahlam kala sahani mbili.

Baada ya chakula kanifuata chumbani. Kauliza kanga ya Bibi iko wapi. Nikamwonyesha. Kaifunua, kaitia puani. Kageuza upande wa pindo, kanusa tena. Kaniangalia.

"Imeondoka."

Kumbe na yeye alikuwa akifungua ule mfuko, mimi nikiwa kazini. Alikuwa akifunga upesi, isiishe. Nilikaa kitandani, kaja kakaa kando yangu. Tukalia kidogo, si sana. Nikamwomba radhi kwa lile kofi. Kasema, "Uliniumiza." Nikasema najua.

Halafu kauliza, "Mama Joy anajua alichofanya?"

"Hajui."

"Tumwambie?"

Nikayafikiri yale maneno niliyoyatayarisha Jumamosi. Nilikuwa nayo bado, yote, yamenolewa.

"Hapana," nikasema. "Abadan asijue."

Alasiri Joy kaja kumwita. Nikamruhusu. Wameacha milango yote miwili wazi, wangu na wao, na mimi sikuondoka kwenda kufunga. Namsikia Grace anaimba nyimbo za kanisa lake huku anapiga deki. Sauti yake mbaya. Bado simpendi. Nje jua limepoa kwa mara ya kwanza mwaka huu, nimezima AC, nimefungua dirisha la jikoni.